Tukiunda istilahi za sayansi, tusipoteze mwiba

Mjadala kuhusu istilahi za sayansi katika Kiswahili umezoea swali moja: neno hili ni la Kibantu au ni la kukopa? Wapo wanaoshabikia tarakilishi, na wapo wasiotaka kusikia lolote ila kompyuta. Kuna wa akili mnemba, wa akili unde na wa akili bandia, na kila kundi lina hoja zake. Mjadala huo una manufaa, sikatai. Lakini umetuchelewesha, kwa sababu kuna swali linalopaswa kutangulia: neno tulilolichagua limehifadhi nini kuhusu kitu chenyewe, na limetupa nini?

Kila neno hutupa kitu. Hakuna jina linaloweza kubeba kila sifa ya mti, ya mnyama au ya mtambo. Tatizo huzuka pale jina au maelezo yanapotupa kile ambacho msomaji hawezi kukikosa bila kuumia. Katika makala haya nitaijadili hoja hiyo kwa mfano kutoka Laikipia, karibu na mji wa Nanyuki, ambako elimu mbili zisizoonekana kuwa na udugu zilikutana: bayokemia ya mimea yenye dawa na sumu, na teknolojia ya video.

Kaskazini-magharibi mwa Nanyuki kuna Kituo cha Utafiti cha Mpala. Huko ndiko Sara Weinstein, Katrina Nyawira, Bernard Agwanda wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na wenzao walikomchunguza mnyama ambaye wanasayansi humwita Lophiomys imhausi. Ni panya mkubwa mwenye ushungi wa nywele ndefu mgongoni. Anapotishwa husimamisha ushungi huo, na ubavuni hutokea mstari wa nywele za aina tofauti kabisa, zenye matundu kama sifongo. Panya huyu hutafuna gome la mti wenye sumu, kisha hujipaka mate yake kwenye nywele hizo. Mbwa au fisi akimng'ata, anaweza kufa.

Habari hii ilikuwa imetangazwa na Jonathan Kingdon na wenzake mwaka wa 2011, lakini ushahidi wao ulitokana na panya mmoja tu. Kikundi cha Weinstein, katika makala yaliyochapishwa mwaka wa 2020, kiliwanasa panya 25 na kurekodi takribani saa 1,000 za mienendo yao kwa kamera. Ndipo ikathibitika kwamba panya zaidi ya mmoja hufanya hivyo. Ikabainika pia jambo ambalo halikutarajiwa: wanyama hao waliodhaniwa kuwa wapweke huishi wawili wawili, dume na jike, na huonyeshana mapenzi kwa kulambana na kufuatana.

Sasa tazama kilichobaki utafiti huo ulipofika kwa umma. Makala yenyewe, hata katika kichwa chake, yalizungumzia maisha ya kijamii ya wanyama hawa. Vichwa vya habari duniani vikakazania neno moja: sumu. Panya wa sumu! Uhusiano wa dume na jike ukawekwa chini kabisa, kama mkia wa habari. Na mti je? Mti ukawa "mti wenye sumu", basi. Mtu wa Nanyuki anayeishi jirani na mti huo, ambaye huenda watoto wake huchunga mbuzi chini yake, hangeweza kuutambua kwa maelezo hayo.

Mti huo ni Acokanthera schimperi. Wakikuyu huuita murichu. Wamaasai huuita olmorijoi, na jina Morijo limo katika majina ya mahali huko Narok na Samburu. Wasomali wana waabaayo. Wamijikenda wana neno utsungu kwa sumu ya mishale, neno ambalo ni ndugu wa damu wa uchungu wetu katika Kiswahili sanifu. Kwa hivyo katika lugha za Afrika Mashariki mti huu una majina, una historia, na hata ladha yake imehifadhiwa katika msamiati.

Fungua sasa kamusi zetu. Mtindo wa kufasili mimea kwa maneno "aina ya mti" au "aina ya mmea" umeenea mno. Mara nyingine huongezewa "wenye matunda madogo meusi" au "unaotumiwa kutengeneza dawa". Fasili ya namna hiyo si uongo, ila haimsaidii mtu yeyote. Haimsaidii mwanafunzi, haimsaidii mfasiri, na haimsaidii mama anayeuza mitishamba sokoni. Ni kama kumwelekeza mgeni mjini kwa kumwambia kwamba nyumba anayoitafuta ina mlango.

Hebu nitoe mfano wa hatari yake. Kuna kichaka kingine kiitwacho mtandamboo katika Kiswahili, mukawa kwa Wakikuyu na olamuriaki kwa Wamaasai. Wataalamu huandika Carissa spinarum, na katika vitabu vya zamani Carissa edulis. Mtandamboo na murichu ni wa ukoo mmoja wa mimea. Yote miwili ina majani yanayokua mawili mawili yakikabiliana, maua meupe yenye wekundu kidogo na harufu nzuri, utomvu mweupe, na matunda yanayoiva kuwa meusi ya zambarau. Matunda ya mtandamboo huliwa, na mizizi yake huchemshwa kwa supu na dawa. Gome na mizizi ya murichu ndiyo iliyopakwa kwenye mishale ya kuulia wanyama wakubwa. Njia mojawapo ya kuitofautisha miti hii miwili ni kwamba mtandamboo una miiba, murichu hauna.

Bila shaka mwiba peke yake hautoshi kumpa mtu idhini ya kuchimba mizizi na kuichemsha. Ninachosema ni hiki: ukiifasili mimea hii miwili kwa "aina ya kichaka chenye matunda meusi", umeyahifadhi matunda na kuutupa mwiba. Umehifadhi kinachovutia na kutupa kinachookoa maisha. Fasili fupi si lazima iwe mbaya. Maneno "kichaka chenye miiba" yana uzito kuliko sentensi nzima kuhusu uzuri wa maua.

Cha kushangaza ni kwamba wakemia, ambao mara nyingi tunawalaumu kwa majina yao magumu, wakati mwingine wamehifadhi lugha zetu kuliko sisi wenyewe. Chukua mti wa Warburgia ugandensis ambao gome lake kali kama pilipili hutafunwa kwa kikohozi, maumivu ya tumbo na ya meno. Wakikuyu huandika muthiga na kutamka sauti inayokaribia dh. Katika miaka ya 1970, kikundi cha Isao Kubo na Koji Nakanishi, kwa ushirikiano na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE jijini Nairobi, kilichunguza miti ya jamii hii kwa sababu viwavijeshi hawakutaka kuila. Walipata ndani yake viambata kadhaa vyenye ukali. Kimoja wakakiita warburganal, kwa kufuata jina la Kilatini la mti. Kingine wakakiita muzigadial.

Jina hilo likichanganuliwa kimofolojia, sehemu ya mwisho, -dial, ni ya kikemia. Humwambia mtaalamu kwamba molekuli ina vikundi viwili vya aldehidi, na vikundi hivyo vinahusika na ule ukali unaouma ulimi. Sehemu ya kwanza, muziga, ni jina la mti kama lilivyosikika kwa wenyeji, dh ikiwa imegeuka z kama inavyogeuka kwa wasemaji wengi wanaosema zahabu badala ya dhahabu. Neno moja limebeba mti, mahali na muundo wa kikemia. Kiambata kingine cha miti hii kiliitwa mukaadial, vilevile kwa kufuata jina la kienyeji. Huo ni uundaji wa istilahi ulio bora, na ulifanywa na watu ambao Kiswahili hakikuwa lugha yao.

Si kila mara hali ilikuwa hivyo. Kuna dawa ya moyo iliyotokana na mmea wa Strophanthus kombe, kombe likiwa jina la sumu ya mishale lililosikika kwa wenyeji wa maeneo ya mto Zambezi na Shire katika karne ya 19. Dawa hiyo ikaitwa k-strofanthini. Jina zima la wenyeji likabakia herufi moja, k. Daktari aliyeandika k hiyo kwenye cheti cha dawa huenda hakujua kwamba ni neno la Kiafrika lililokatwa kichwa na miguu.

Na sumu ya murichu? Mkemia Mfaransa Arnaud aliitenga mwaka wa 1888 na kuipa jina kutokana na waabaayo ya Kisomali. Kwa kuwa Wafaransa huandika sauti wa kwa herufi oua, jina likawa ouabaïne, na Waingereza wakalipokea kama ouabain. Leo mwandishi wa Kiswahili akilikuta neno hilo katika ripoti ya Kiingereza, hulinakili vilevile kama la kigeni kabisa, na msomaji hajui alitamke vipi. Kumbe ni neno la hapa jirani lililosafiri hadi Paris na London, likarudi nyumbani limevaa suti na hakuna anayelitambua! Napendekeza tuliandike wabaini, kwa kufuata sauti ya asili yake. Hatutakuwa tunalikopa kutoka Ulaya. Tutakuwa tunalirudisha.

Kiambata hiki kinastahili jina la heshima. Molekuli ya wabaini ina sehemu mbili: steroidi, na sukari iliyoshikamana nayo. Inapoingia mwilini huziba pampu iliyomo kwenye utando wa seli, pampu ambayo kazi yake ni kutoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Pampu hiyo ikizibwa kidogo, moyo hupiga kwa nguvu zaidi. Ikizibwa sana, moyo husimama. Mwanasayansi wa Denmark, Jens Christian Skou, aliyeigundua pampu hiyo mwaka wa 1957, aliitumia wabaini kuthibitisha kwamba kimeng'enya alichokipata ndicho pampu yenyewe. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka wa 1997. Sumu ya mishale yetu, kwa hivyo, ni miongoni mwa zana zilizotuonyesha jinsi seli inavyofanya kazi.

Hapo tunakutana na kasoro nyingine ya uandishi wetu wa sayansi. Katika magazeti na redio, kila kilichomo ndani ya mmea huitwa kemikali. Msomaji wa kawaida akisikia kemikali hufikiria dawa ya kunyunyizia mahindi. Neno hilo halimwambii kama kiambata ni sukari, mafuta, asidi au sumu, wala halimwambii kwamba kipimo ndicho kinachoamua. Kiswahili kina neno pana zaidi, dawa, linalojumuisha ya homa, ya meno, ya mbu na ya viatu. Upana huo haunitii hofu, kwa sababu msemaji hulazimika kuongeza "ya nini". Kemikali haina "ya nini". Inaachwa ikining'inia.

Hata istilahi tulizozizoea zina upungufu wake. Kimeng'enya ni neno lililoundwa vizuri kutokana na kumeng'enya, yaani kusaga chakula tumboni. Lakini pampu ya Skou ni kimeng'enya ambacho hakimeng'enyi chakula chochote. Neno limehifadhi kazi moja ya vimeng'enya na kuzitupa nyingine. Je, tulitupe? La hasha. Limeshakomaa, limo katika vitabu vya shule, na mwalimu anaweza kulijaliza kwa maelezo. Ninachotaka ni tujue kwamba kuna kilichotupwa, ili mwanafunzi asije akadhani kazi ya vimeng'enya huanza na kuishia tumboni.

Sasa tugeukie video, maana bila kamera tusingejua lolote kuhusu zile jozi za panya. Tuseme kamera inarekodi picha za upana wa vitone 1,920 na kimo cha 1,080, kila kitone kikichukua baiti tatu. Picha moja ni baiti milioni 6.2. Zikiwa picha 30 kwa sekunde, saa moja ni takribani gigabaiti 672, na saa 1,000 ni terabaiti 672. Hakuna mtafiti anayebeba mzigo huo kutoka porini Laikipia. Hakuna pia mwananchi mwenye bando la kutuma hata dakika moja ya video ya aina hiyo kwa simu.

Kwa hivyo video hupunguzwa, na namna inavyopunguzwa ndiyo kiini cha hoja yangu. Mtambo huangalia picha moja, kisha inayofuata. Ukuta haukusonga, nyasi hazikusonga, panya pekee ndiye aliyesogea. Basi mtambo hauandiki upya ukuta na nyasi. Huandika tu kwamba panya amesogea kiasi hiki kuelekea huku, pamoja na marekebisho madogo. Kisha huangalia vitu ambavyo jicho la binadamu haliyatilii maanani, kama vile tofauti ndogo za rangi na chembechembe za gizani, na kuvitupa kabisa. Hivyo ndivyo kanuni ya H.264 ya mwaka wa 2003 inavyofanya kazi, na nyingine zilizoifuata kama VP9 na AV1.

Kazi hii tuiiteje kwa Kiswahili? Wapo wanaosema mgandamizo. Neno hilo tayari lina kazi katika fizikia, kwa hewa iliyosukumwa ndani ya gurudumu. Wengine husema ukandamizaji. Jamani! Ukandamizaji ni wa raia, na atakayesikia "ukandamizaji wa video" atauliza serikali imemfungia nani. Wengine husema mbano au mfinyazo. Haya ni maneno mafupi na yanatamkika, lakini yanatoa picha potofu. Ukiibana nguo ndani ya sanduku, ukifungua unaikuta yote, hata kama ina mikunjo. Video iliyopunguzwa kwa njia niliyoieleza haimo yote. Kuna kilichotupwa, na hakirudi.

Ilhali Kiswahili kina neno ambalo kila mwanafunzi wa shule ya upili nchini Kenya analijua: ufupisho. Katika karatasi ya pili ya mtihani wa KCSE, ufupisho una alama 15. Mwanafunzi husoma kifungu, hubaki na hoja kuu, hutupa mifano na marudio, na huandika kwa maneno machache. Hakuna anayedhani kwamba kifungu kizima kimo ndani ya jibu lake. Kila mtu anajua kuna kilichoachwa, na mtahini hukagua kama kilichoachwa kilistahili kuachwa. Hiyo ndiyo dhana kamili ya teknolojia hii. Tukihitaji kutofautisha, tuna ufupisho wenye hasara, kama wa video, na ufupisho usio na hasara, kama wa faili ambazo hufunguliwa zikiwa zilivyokuwa.

Najua nitapingwa, na pingamizi moja lina uzito. Ukimwambia mtu wa kawaida "fupisha video", ataikata dakika kumi ziwe tano. Ni kweli. Ndiyo maana sipendekezi "ufupisho wa video" bali "ufupisho wa data ya video". Kinachofupishwa ni data, muda unabaki ule ule. Ni neno moja zaidi, lakini linaondoa utata. Wale watakaosema mbano limeshazoeleka nawaheshimu, na walitumie katika mazungumzo. Katika kamusi na vitabu vya kiada tunahitaji neno linalokiri hasara.

Hoja hiyo inazidi kuwa nzito katika teknolojia mpya. Tangu miaka ya karibuni, watafiti wanajenga mitambo ya ufupisho ambayo haikupewa kanuni zote na wahandisi, bali ilionyeshwa maelfu ya video hadi ikapata njia zake. Mwaka wa 2019, Guo Lu na wenzake walionyesha mfumo ambao hatua zake zote kuu zilifanywa na mitandao ya neva na kufunzwa kwa pamoja, kwa kutumia mkusanyiko wa karibu vipande 90,000 vya video kutoka tovuti ya Vimeo. Mwaka wa 2022, DeepMind ilieleza jinsi mfumo wake wa MuZero ulivyosaidia kufupisha data ya video za YouTube zaidi, kwa wastani wa asilimia 4. Kampuni ya NVIDIA nayo ilitangaza mwaka wa 2020 njia ya kutuma alama chache tu za uso wa mzungumzaji, kisha mtambo wa upande wa pili ukauchora uso huo upya. Unayemwona kwenye kioo, basi, kwa kiasi fulani amechorwa.

Huku kwetu Waswahili wa teknolojia wamezoea kusema "mashine kujifunza" au "ujifunzaji wa mashine". Hapa sarufi yetu inatuficha jambo. Kiambishi cha kujirejelea, -ji-, kinamfanya mtenda na mtendewa kuwa mmoja, kana kwamba mashine ilijikalisha darasani yenyewe. Kauli ya kutendwa husema kweli zaidi: mashine imefunzwa. Ukisema imefunzwa, swali linalofuata haliepukiki. Imefunzwa na nani, na kwa video zipi? Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mashine hizi zinafunzwa na ulimwengu, lakini ulimwengu wa nani? Mkusanyiko wa video za mtandaoni umejaa nyuso za watu, barabara, michezo na mandhari za kupendeza. Nywele za panya usiku Laikipia, au mwiba kwenye tawi la mtandamboo, ni vitu vidogo ambavyo mashine haikuwahi kuulizwa kuvitunza.

Mfano wa kile kinachoweza kutokea tayari upo, ingawa haukuhusu video. Mwaka wa 2013, Mjerumani David Kriesel aligundua kwamba baadhi ya mashine za Xerox za kunakili hati zilikuwa zikibadilisha tarakimu: 6 ikawa 8. Ufupisho wa mashine hizo ulitafuta maumbo yanayofanana na kutumia moja mahali pa jingine. Ukurasa ulionekana safi kabisa, bila ukungu wala doa, na tarakimu zilikuwa za uongo. Ufupisho mbaya wa kale ulikuonyesha ukungu ukajua kuna tatizo. Ufupisho wa aina hii hukupa picha nzuri isiyo ya kweli.

Mambo haya hayako mbali na soko la Nanyuki. Watu wanarekodi mitishamba kwa simu na kuitumiana. WhatsApp hufupisha data ya video kabla ya kuituma, na kila inaporekodiwa na kutumwa upya hupungua zaidi. Mtu akiwa Nyeri au Karatina anatazama tawi lenye majani ya kijani na matunda meusi. Miiba imepotelea kwenye ukungu, au imelainishwa hadi tawi likawa laini. Sauti inasema "hii ni dawa ya tumbo". Video imetupa mwiba, na akikimbilia kamusi atakuta "aina ya mti", ambayo nayo iliutupa mwiba zamani. Vyombo viwili vilivyopaswa kumlinda vimempa ufupisho ule ule.

Sisemi kwamba ufupisho ni adui. Bila ufupisho wa data tusingekuwa na zile saa 1,000, wala zile video za twiga na punda milia zilizopigwa kwa droni huko huko Mpala mwaka wa 2023 ili kompyuta zifunzwe kutambua mienendo ya wanyama. Bila ufupisho wa maneno tusingekuwa na kamusi wala magazeti. Ninachodai ni kwamba anayefupisha awe anajua anamfupishia nani, na mtu huyo anahitaji nini zaidi.

Kwa wanaotunga kamusi, pendekezo langu ni dogo. Kila ingizo la mmea liwe na jina la kisayansi, majina mawili matatu ya lugha za wenyeji, na sifa moja inayoutofautisha na mmea unaofanana nao. Maneno kumi yanatosha. Kwa waundaji wa istilahi, kabla ya kwenda kwa Kiingereza waulize kwanza kama neno tayari limo darasani au sokoni, kama ufupisho lilivyokuwamo. Kwa wanahabari wenzangu, neno kemikali lisiandikwe bila kuambiwa ni ya aina gani na kwa kipimo gani. Na kwa watafiti wanaofika Laikipia na kwingineko, jina ambalo mwenyeji amekupa la mti uliandike kwenye makala yako, lisiachwe kwenye daftari la porini. Kubo na Nakanishi waliliweka ndani ya molekuli yenyewe, na karibu nusu karne baadaye tunaweza bado kulisikia: muziga.